Barua ya wazi kwa Bwana DG: sisi tulihamishwa, mshahara wetu ukabaki kule tulikotoka

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Bwana Direkta Jenerali (DG) na Bwana PCA (mwenyekiti wa baraza la usimamizi) wa kampuni yetu ya Serikali

Nakala kwa: Wizara ya Portefeuille (inayosimamia makampuni ya Serikali), Kinshasa, Inspeksio ya Kazi, Lubumbashi, delege (wajumbe) wa sendika (vyama vya wafanyakazi) zote, wafanyakazi wote wa zamani na wapya

Mambo: mishahara isiyo sawa kwa kazi iliyo sawa, juu yetu sisi tuliohamishwa mwaka 2021

Bwana DG, Bwana PCA, salamu na heshima zetu zote.

Mimi ni fundi wa bobinaje, yaani kusuka upya waya za motere, ku atelie ya umeme. Naandika kwa ajili yangu na ya wenzangu ambao tulitolewa kampuni moja ya Serikali tukaletwa kwenu, nanyi pia ni kampuni ya Serikali, tukaja na mashini zetu, makabati yetu, vitabu vya kazi na madeni yetu ya minervali (ada ya shule) ya watoto. Majina sitaji, ya kampuni wala ya mtu, juu hatutafuti kumchafua mtu, na anayehusika atajijua kuanzia mstari wa kwanza.

Kuleta mambo haya mbele ya watu wote si kitu tulikipenda. Tulipita kwa shefu wa servisi, akatupeleka kwa delege, delege akatupeleka kwa DRH (mkuu wa mambo ya wafanyakazi), DRH akasema dosye iko kwa mwanasheria, mwanasheria akasema dosye iko Kinshasa, na rafiki yetu mmoja wa Kinshasa alipoenda kuuliza wakamwambia dosye kama hiyo haijafika. Barua zetu zilipokelewa kwa mdomo tu. Tulipoomba sekretere atie kashe (muhuri) na saini kwenye nakala yetu alisema hana ruhusa, na hapo njo tulielewa kwamba hata ile barua yenyewe kuna mtu hataki ionekane ilifika.

Niwaonyeshe kwanza kitu kimoja kwa macho, halafu nitaingia kwenye mahesabu. Karibuni waliletea atelie motere ya pompe imeungua, harufu ya verni iliyochomeka ulikuwa unaisikia kuanzia mlangoni. Tuliifungua watu wawili, mimi na mwenzangu ambaye yuko hapa tangu zamani, mtu mzuri sana na sina neno naye. Tukakata waya mbovu, tukahesabu mizunguko ya kila bobini tukaandika kwenye karatasi moja, yeye akaingiza waya upande wake mimi upande wangu, tukafunga na uzi, tukapaka verni, tukaweka mu tanuri, kesho yake tukapima na megomita, motere ikazunguka bila kelele. Bwana DG, ingia siku moja atelie ushike ile stata (sehemu ya motere isiyozunguka) mkononi utuambie bobini gani ilisukwa na mtu wa barema (ngazi ya mishahara) ya juu na gani ilisukwa na mtu wa barema ya chini. Klase yetu ni moja, karatasi ya kazi shefu alisaini majina yetu yakifuatana, lakini siku ya paye, pale yeye anapopata franka 100 mimi sifiki 60.

Sasa malalamiko yetu, moja moja.

1. Barema mbili chini ya paa moja

Tulipofika mlitupa noti ya servisi inayosema tutabaki kwenye barema ya kampuni ya zamani "kwa muda wa mpito". Tulikubali, juu kila kitu kinahitaji wakati wa kupangwa. Lakini ile noti haikuandika mpito unaisha tarehe gani, na toka 2021 mpaka leo bado tuko mu mpito. Wakati huo huo kofia tunavaa zenu, matrikile (namba za kazi) ni yenu, konje (likizo) inasainiwa na DRH wenu, mtu akichelewa anaandikiwa demande d'explication (barua ya kumtaka ajieleze) kwa kufuata reglema yenu. Kwa adhabu sisi ni watu wa kampuni hii, kwa mshahara njo tunakuwa wageni.

Kode ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kwenye artikle ya 86 inasema wazi: ikiwa masharti ya kazi, ujuzi na matokeo ni sawa, mshahara unakuwa sawa kwa wafanyakazi wote, bila kuangalia mtu ametoka wapi, ni mwanaume ao mwanamke, ana miaka mingapi. Mtu ametoka wapi, Bwana DG, ile neno ya asili imo ndani. Na sisi tofauti yetu na wengine ni hiyo tu, kwamba tulitoka kule.

Na msituelewe vibaya, hatujilinganishi na watu tuliowaacha kule kampuni ya zamani. Wao wana bosi wao na sisi tuna wa kwetu, hiyo hata sisi tusiosoma sheria tunaielewa. Tunajilinganisha na mtu anayesimama kwenye etabli moja na sisi, analipwa na kese (hazina) moja, fishi (karatasi) yake ya paye inasainiwa na mkono ule ule unaosaini ya kwetu.

2. Vijana tuliowafundisha

Baada ya sisi kufika mliajiri vijana wengine, wametoka shuleni, wana akili na hamu ya kazi, tunawapenda. Waliwekwa moja kwa moja kwenye barema ya juu. Kuna mmoja nilimfundisha mimi mwenyewe namna ya kusoma plaki ya motere na kupanga bobini za awamu tatu, mwanzoni alikuwa anaunganisha kichwa na mkia kinyume, leo anajua. Mshahara wake unapita wangu. Yeye mwenyewe anaona haya, siku ya paye anakunja fishi yake haraka anaingiza mfukoni. Basi nauliza, kama shida ni kwamba bajeti haikupanga watu wa barema ya juu, hao walipangwa vipi?

3. Wakubwa walihamishwa na mishahara yao, tena na nyongeza

Hapa nitasema kidogo tu juu panachoma. Makadre waliokuja kwenye uhamisho ule ule, noti ile ile, siku ile ile, wao waliingia kwenye barema ya kampuni hii ndani ya miezi michache. Kwa hiyo inawezekana. Tunaomba tu tuambiwe kwa nini inawezekana kwa kadre na haiwezekani kwa fundi, dereva, mlinzi na mama anayefagia.

4. Taux (kiwango cha kubadilisha) ya dola

Mshahara wa msingi umeandikwa kwa dola na kulipwa kwa franka, kila mtu hapa mjini anajua namna hiyo inavyoenda. Sisi tuliohamishwa tunahesabiwa kwa taux ya wakati tulipohamishwa, dola moja franka 2,000. Wengine wanahesabiwa kwa taux ya mwezi. Mwaka 2024 kwa kambisti (mbadilisha pesa) dola ilikuwa inazunguka franka 2,800, na unga, mafuta, nyumba, vyote vinafuata dola ya kambisti, hakuna mwenye duka Katuba ao Ruashi atakayekuuzia mfuko wa unga kwa taux ya 2021. Chukueni dola 100 tu za mwaka ule mhesabu: mmoja alipewa franka 280,000, mwingine 200,000, na kwenye karatasi wote wawili wameandikiwa dola 100. Mkaguzi akipita ataona dola 100 na dola 100 ataandika kwamba mambo ni sawa. Sisi njo tunajua kwamba si sawa.

5. Kile mnachokiita fidia

Tuliposema sana mkatuongezea pesa kidogo kila mwezi, mkaiandika kwenye mstari wa transporti. Tulishukuru. Baadaye mtu mwenye kujua mambo ya paye alitukalisha chini akatuonyesha kwamba kwa Kode ya Kazi transporti haihesabiwi kuwa sehemu ya mshahara, sawa na nyumba, matibabu na alokasio za watoto. Maana yake ile pesa haiingii kwenye hesabu ya CNSS (mfuko wa pensheni), haiingii kwenye preavi (notisi ya kuachishwa kazi), na siku mtu anatoka kazini haiingii kwenye dekonti (hesabu ya malipo ya kuondoka) ya mwisho. Kwa pensheni mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaweka 5 yake, sasa mshahara ukiwa mdogo kwenye karatasi, kinachowekwa kinakuwa kidogo na pensheni inakuwa ndogo mpaka mtu anakufa. Ile tofauti ya leo haiishi leo, itatufuata hadi uzeeni.

Na mji huu unajua mambo ya dekonti. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines, kampuni ya Serikali ya migodi, kwa mpango wa départ volontaire (kuondoka kwa hiari) uliolipiwa na Benki ya Dunia, na miaka mingi baadaye wazee wa mpango ule walikuwa bado wanasimama kudai kwamba hesabu yao haikufanywa sawa. Tumekua tukiwaona wale wazee, wengine ni baba zetu wenyewe. Sasa mkituambia "tulieni, mwishoni kila kitu kitahesabiwa", mtatusamehe, Lubumbashi hiyo sentensi haina kazi tena.

6. Miaka yetu ya kazi

Kwenye fishi ya paye, mahali pa tarehe ya kuingia kazini, mimi imeandikwa 2021. Kazi nilianza miaka mingi mbele ya hapo, nikiwa sina hata mtoto mmoja. Kuna wengine wamepita miaka 20 kazini na mashini yenu inawaona kama watu wa juzi.

Sheria ya Kazi inasema mwajiri akibadilika, iwe kwa kuungana kwa makampuni, kuuza, kugeuza shirika kuwa kampuni ao namna nyingine, kontra zilizokuwepo siku ile zinaendelea na mwajiri mpya. Zinaendelea, hazianzi upya. Na hili si neno la mdomo, lina pesa ndani. Preavi ya mwajiri ni siku 14 za kazi pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Mtu wa miaka 20 ni siku 154. Mkimhesabia miaka 4 tu anapata siku 42. Konje pia inaongezeka siku moja kwa kila miaka 5, na prime (nyongeza) ya miaka ya kazi kwenye konvansio (mkataba wa pamoja wa kazi) yenu ninyi wenyewe inapanda kila mwaka. Yote hayo yalifutwa na mtu aliyekuwa anaingiza majina kwenye kompyuta na kuandika tarehe moja kwa watu wote, pengine bila ubaya wowote, alitaka kumaliza kazi mapema arudi nyumbani.

7. Mama wa dispensari

Watu wa dispensari walihamishwa wote kwa mara moja, na karibu wote ni wanawake. Wauguzi wanaofanya gardi ya usiku wamebaki na prime ya usiku ya kampuni ya zamani, na walinzi wa usiku walio nje ya mlango wa dispensari hiyo hiyo wana prime mpya. Sitasema mlifanya hivyo juu ni wanawake. Nasema matokeo yake ni hayo, na mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1951, unaangalia mshahara sawa kati ya mwanaume na mwanamke kwa kazi yenye thamani sawa, hauulizi kama bosi alikuwa na nia mbaya.

Hayo njo yetu. Sasa majibu ambayo tumeshapewa, na mengine tunayajua yatakuja, nayajibu hapa ili tusipoteze wakati tukikutana.

Mnasema: mlikuja na kontra zenu, sheria inatuambia tuziheshimu. Kweli. Lakini ile sheria iliwekwa kumlinda mfanyakazi asipoteze kile alichokuwa nacho wakati mabosi wanabadilishana kampuni. Inasema hamtashuka chini ya hapa. Haisemi hamtapanda tena juu ya hapa. Kuichukua sheria ya kumlinda mtu na kuifanya kamba ya kumfunga, hiyo sijaiona kwenye artikle yoyote.

Mwanasheria wenu mmoja alituletea mambo ya Ufaransa, eti mahakama za kule zilikubali waliohamishwa na wenyeji wawe na mishahara tofauti. Tulitafuta, na asante kwa kutufungua macho. Kule kesi zenyewe ni za kinyume: waliohamishwa walikuja na faida kubwa, mwajiri mpya analazimishwa na sheria kuwaachia, wenyeji wakaomba nao wapewe, mahakama ikasema hapana, tofauti ile ina sababu juu ni sheria iliyoileta. Sisi tulikuja na kidogo. Hakuna sheria inayowalazimisha kutuacha na kidogo. Na tena kule kule Ufaransa, kampuni ikibadilika konvansio ya zamani haiishi milele, wanapewa miezi 3 ya preavi na mwaka mmoja wa kupatana, yaani kama miezi 15, basi imekwisha. Sisi tuna miaka.

Mnasema: mlisaini avenant (karatasi ya kubadilisha kontra). Tulisaini, ndiyo, mu koridoo ya DRH, tukiwa tumepanga foleni, tukiambiwa asiyesaini jina lake halitaonekana kwenye listi ya paye ya mwezi ule. Hata tungekuwa tumesaini tukiwa tumekaa kwenye viti vizuri na chai mezani, kontra haiwezi kumpa mfanyakazi chini ya kile sheria inampa.

Mnasema: ujuzi haufanani, wenzenu wana diploma. Wengine wanayo, wengine hawana, na wale wasio nayo bado wako kwenye barema ya juu, majina tunayajua ila hatutayaandika juu wale si adui zetu. Sheria inazungumza ujuzi na matokeo, sawa kabisa, basi tupimeni. Leteni motere kumi zilizoungua, mgawe tano kwa wa zamani na tano kwa waliohamishwa, halafu mhesabu zitakazorudi mbovu. Sisi tuko tayari hata kesho asubuhi.

Mnasema: pesa hakuna, Serikali yenyewe haitulipi madeni yake. Hilo tunalielewa kuliko mnavyofikiri, juu hata kampuni tuliyotoka ilikuwa na ugonjwa huo huo. Mkituambia hamna pesa ya kulipa yote kwa mara moja, tutakaa tupange namna ya kulipa kidogo kidogo. Ila "hakuna pesa" ni jibu la swali "mtalipa lini". Si jibu la swali "je, mnatudai ao tunawadai".

Mnasema: tukisawazisha, tutalazimika kuwashusha wale wa juu. Hapana, msijaribu hata kuisema hiyo kwenye mkutano, juu kazi yake ni moja tu, kutugombanisha na wenzetu. Hakuna hata mmoja wetu anayeomba mwenzake apunguziwe.

Mnasema: basi nendeni mahakamani. Hapa njo ninataka wafanyakazi wote wanaosoma barua hii wasikilize vizuri, hata wale wa makampuni mengine. Kwa Kode ya Kazi, artikle ya 317, madai mengine ya kontra yana miaka 3, lakini madai ya mshahara yana mwaka mmoja tu, kuhesabu toka siku mshahara ulipotakiwa kulipwa. Maana yake kila mwezi unaopita mkituambia "dosye iko kwenye uchunguzi", mwezi mmoja wa nyuma unajifuta wenyewe. Sijui kama mlipanga hivyo, sitaki kuwasingizia. Lakini hesabu inawafaa ninyi, haitufai sisi, na uvumilivu wetu wote mliousifu kwenye hotuba ya sikukuu ya Mei Mosi ulikuwa unatukula pesa. Ndiyo maana tulitaka ile saini ya sekretere kwenye nakala, hatukuwa tunamsumbua yule mama bure.

Bwana DG, Bwana PCA, wazee wetu walikuwa wanasema shirika njo baba, njo mama. Maneno yale yalipita na wakati wake, hatuombi tena bwali (ugali) wala maziwa ya watoto. Lakini baba akioa mama mwenye watoto, akawaleta nyumbani, akawapa kazi sawa na watoto wake halafu wakati wa bukari (ugali) akawapakulia nusu sahani miaka na miaka kwa sababu "kule mlikotoka mlikuwa mnakula hivyo", majirani watasema nini? Na mwenye nyumba kwa kweli ni mmoja. Tangu sheria namba 08/007 ya tarehe 7 Julai 2008 mashirika ya umma yalianza kugeuzwa kuwa makampuni ya biashara, karatasi zikabadilika, majina yakapewa herufi mpya nyuma, lakini mwenye hisa alibaki Serikali, huku na kule. Yeye njo alituhamisha. Sisi hatukuomba kazi kwenu, tulisoma majina yetu yamebandikwa ukutani. Kwenye katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 36, ni Serikali hiyo hiyo iliyoahidi kila Mkongomani malipo ya haki yanayomwezesha kuishi na familia yake kwa heshima. Na hapa mjini mambo ya mshahara hayajaanza na sisi, Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, waliomba nyongeza wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira. Sisi leo tuna sheria, tuna sendika, tuna tribunali ya kazi, tutatumia hizo, kwa utulivu, hatutachoma tairi wala kufunga barabara.

Tunachoomba:

A. Tarehe. Mtoe noti ya servisi inayosema mpito umeisha siku fulani na wote tuko kwenye barema moja kwa klase moja, mafundi, madereva, walinzi, dispensari, wote.

B. Tangu sasa, mwezi huu wa paye, taux moja kwa watu wote. Hili halihitaji Kinshasa wala mwanasheria, ni mstari mmoja kwenye kompyuta ya paye.

C. Mfanye hesabu ya tofauti ya miaka ya nyuma, mtu kwa mtu, na kampuni isaini karatasi ya kukubali deni hilo, hata kama malipo yatakuja kwa vipande. Tunataka saini kwanza juu bila hiyo saini mwaka unatukimbia.

D. Tarehe zetu za kweli za kuingia kazini zirudishwe kwenye dosye na kwenye fishi ya paye. Makaratasi tunayo, kontra za zamani, kadi za kazi, vitabu vya INSS kabla haijaitwa CNSS. Wale ambao karatasi zao zilipotea, kampuni ya zamani ina arshivu, na mwenye nyumba ni mmoja, ombeni.

E. Ile pesa ya transporti mliyoiita fidia iingizwe kwenye mshahara wa msingi, na CNSS itangaziwe mshahara wa kweli.

F. Prime ya usiku ya dispensari iwe sawa na ya wengine wanaokesha.

G. Asiguswe mtu yeyote kwa ajili ya barua hii. Tumeshasikia maneno ya "mutasio" (kuhamishwa) kwa wanaosema sana. Mkinihamisha mimi, atelie itabaki na wengine wanaojua kuandika.

Tunaomba mkutano na delege wa sendika zote, pamoja na watatu tutakaowachagua sisi wenyewe, kukiwa na proseverbali (kumbukumbu ya mkutano) itakayosainiwa pande zote mbili siku hiyo hiyo kabla ya watu kutoka mu chumba. Tunawapa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Tusipoona jibu la maandishi, kila mmoja wetu atapeleka dai lake kwa Inspeksio ya Kazi kwa upatanisho, na upatanisho ukishindikana tutaenda tribunali, mmoja mmoja, na karatasi zetu mkononi. Mafaili yameshaanza kutayarishwa. Wenzetu ambao bado hawajaleta fishi zao za paye, leteni fotokopi ku atelie, saa ya mapumziko, muulize meza ya bobinaje.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa bobinaje, kwa niaba ya waliohamishwa 2021 wa atelie, depo, gardi na dispensari